Mawimbi Marefu ya Mbingu na Nchi Zetu

Mtu akaaye Kabalo kando ya Lualaba huona maji yakienda kwa namna mbili. Mvuvi akipiga kasia, viwimbi hutoka ubavuni mwa mtumbwi, hufika ukingoni na kupotea. Hata mtoto mdogo aweza kuvihesabu. Lakini mto wenyewe nao huinuka na kushuka. Mvua zikianza kunyesha huko juu mwishoni mwa mwaka, maji hupanda kidogo kidogo muda wa miezi, na kiangazi kikija hushuka tena kidogo kidogo. Mwendo huu wa pili ndio mkubwa, kwani ndio ufunikao mashamba na kuhamisha vijiji. Walakini hakuna awezaye kuuona kwa kusimama ukingoni saa moja. Atakaye kuujua hana budi kusimika mti majini, kuutia alama, na kuutazama juma kwa juma.

Wasomaji wapenzi, makala haya yataka kueleza jambo la mbinguni lililo mfano wa mwendo huo wa pili. Mwaka 2023 wenye elimu ya nyota walitangaza kwamba wameona dalili za mawimbi ya uvutano yaliyo marefu kupita kiasi, hata wimbi moja huchukua miaka kupita mahali petu. Habari hiyo ilitoka Amerika, Ulaya, Asia na Australia. Lakini historia yake ni ndefu, na katika historia hiyo nchi zetu zimo, ingawa wengi wetu hatujui. Yafaa tuijue.

SOMO LA LUKUGA

Kabla ya kupanda mbinguni, tutazame kwanza mto wetu wa Lukuga. Leo kila mwanafunzi ajua kwamba Lukuga hutoka katika Ziwa Tanganyika hapo Kalemie, hushuka kwenda magharibi, na kuingia katika Lualaba upande wa kaskazini wa Kabalo. Zamani jambo hili lilileta mabishano makubwa kati ya wasafiri wa Ulaya.

Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika penye mlango wa Lukuga, akaukuta umezibwa na majani na matete, akasema hapa ndipo maji ya ziwa yatokapo. Mwaka 1876 akaja Henry Morton Stanley, akatazama, asiuone mkondo wa kweli utokao ziwani. Akasema mto huo bado si mlango wa ziwa, ila utakuwa. Mwaka 1879 akafika Edward Hore, baharia wa misioni ya Waprotestanti wa London, akakuta maji yatoka kwa nguvu kubwa. Nani alikosa? Kila mmoja alieleza aliyoyaona siku alipofika. Ziwa lilikuwa likipanda mwaka kwa mwaka, hata karibu na mwaka 1878 likashinda kizuizi cha matope na majani, likafungua njia, kisha likashuka mita kadhaa. Mgeni apitaye hawezi kuona mwendo wa namna hiyo. Huonwa na mwenye kukaa, au na wengi wakiunganisha habari zao pamoja na tarehe. Tulishike somo hili, kwani ndilo litakalotufungulia mambo yote yafuatayo.

UVUTANO NI NINI?

Mwaka 1687 Isaac Newton alionyesha kwamba nguvu iangushayo embe chini ya mwembe ndiyo hiyo hiyo iushikao mwezi usipotee mbali na dunia. Vitu vyote huvutana: kilicho kizito huvuta zaidi, kilicho mbali huvuta kidogo. Hesabu zake zilifaa sana, na zafaa hata leo. Lakini Newton hakuweza kusema uvutano huo wapitaje katika mahali patupu.

Zaidi ya miaka 200 ikapita. Mwaka 1915, mwaka ule ule reli kutoka Kabalo ilipofika ziwani hapo Albertville, mji tuuitao leo Kalemie, Albert Einstein alitoa mjini Berlin mafundisho mapya. Alisema kitu kizito hakivuti kwa kamba isiyoonekana, bali hukunja nafasi na wakati vilivyokizunguka. Fikirini watu wanne wameshika wavu na kuuvuta sana kwa pembe zake nne. Ukiweka jiwe katikati, wavu hubonyea; ukiweka kibuyu kidogo pembeni, chabingirika kuelekea jiwe. Jiwe halikukiita kibuyu, ila umbo la wavu ndilo liliopeleka. Hivyo ndivyo dunia izungukavyo jua.

Mwaka 1916, na tena kwa usahihi zaidi mwaka 1918, Einstein aliongeza neno jingine. Vitu viwili vizito vikizungukana, wavu wa nafasi hutetemeka, na mtetemo huo huenea pande zote kwa mwendo wa nuru, kilomita karibu 300,000 kwa sekunde moja. Haya ndiyo mawimbi ya uvutano. Yapitapo, hurefusha kila kitu upande mmoja na kukifupisha upande mwingine, kisha kinyume chake. Lakini kiasi chenyewe ni kidogo sana, hata Einstein hakutumaini kwamba mtu atakipima. Mwaka 1936 hata alidhani kwa kitambo kwamba mawimbi hayo hayapo. Akaonyeshwa penye kosa katika hesabu, akaligeuza neno lake.

KIVULI CHA MWAKA 1919

Mafundisho makubwa hayakubaliwi kwa maneno tu, yahitaji ushahidi. Kama kitu kizito hukunja nafasi, basi nuru ya nyota ipitayo karibu na jua yapaswa kupinda kidogo. Lakini nani awezaye kuona nyota karibu na jua mchana? Ni wakati mmoja tu: jua linapopatwa kabisa na mwezi, na giza kuingia.

Kupatwa kwa namna hiyo kulitazamiwa tarehe 29 Mei 1919. Waingereza walianza kujitayarisha mwaka 1917, vita vikiwa bado vyaendelea. Walichora njia ya kivuli: kutoka Brazil, kuvuka bahari ya Atlantiki, kupita kisiwa cha Principe kilichokuwa cha Wareno, kukata Afrika ya katikati, hata mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Ndiyo, wasomaji wapenzi, mwambao huu wetu, wenye Kalemie, Mpala na Moba. Wakaandika mahali patatu pawezapo kufaa: Sobral katika Brazil, kisiwa cha Principe, na pwani ya magharibi ya Tanganyika.

Mahali pa tatu pakaachwa. Sababu haikuwa dharau wala ugumu wa safari. Kivuli kingefika huku jua likiwa limekwisha kushuka sana, na nuru ya jua lililo chini hupita katika hewa nyingi. Hewa nayo hupinda nuru, kama vile maji yafanyavyo fimbo ionekane imevunjika. Kupinda kwa hewa kungekifunika kile kidogo kilichotafutwa. Basi Arthur Eddington na Edwin Cottingham walikwenda Principe, Andrew Crommelin na Charles Davidson wakaenda Sobral.

Einstein alikuwa amesema nuru itapinda kwa sekunde 1.75 za pembe, yaani kama sehemu moja kati ya elfu mbili ya digrii moja. Picha za Principe zilitoa 1.61, zile za Sobral 1.98. Tarehe 6 Novemba 1919 habari ikatangazwa mjini London, na jina la Einstein likaenea dunia yote. Kivuli kile kile kilikuwa kimepita juu ya misitu na mito ya Kongo, kikafika ziwani. Lakini katika vitabu vya kazi ile, mwambao wetu wabaki kuwa mahali palipofikiriwa pasipopimwa.

PADRE MMOJA NA MASHIMO MEUSI

Wakati huo huo wengine walikuwa wakichunguza hesabu za Einstein ili kuona zafika wapi. Mwaka 1916 Mjerumani Karl Schwarzschild alionyesha kwamba kitu kizito kikibanwa sana, hufika mpaka ambapo hesabu zaonekana kuvunjika. Wengi walidhani mpaka huo ni ukuta ambao asili haiwezi kuuvuka.

Mwaka 1933 padre Mbelgiji, Georges Lemaître, mwalimu wa chuo kikuu cha Louvain, alionyesha kwamba ukuta huo si ukuta wa kweli. Ulitokana na namna ya kuandika hesabu. Ndiye padre huyo ambaye mwaka 1927 alieleza kwamba ulimwengu wote waendelea kupanuka. Alipokufa mwaka 1966, bado watu wachache tu waliamini kwamba vitu vilivyobanwa namna ile vyaweza kuwapo kweli. Leo twaviita mashimo meusi: uvutano wao ni mkubwa hata nuru haiwezi kutoka ndani yao.

NENO LA KISWAHILI ANGANI

Shimo jeusi halionekani; walakini likila, huonekana. Likiwa na nyota mwenzake karibu, huifyonza hewa yake, na hewa hiyo ikizunguka kabla ya kumezwa huwaka joto kali, hata kutoa miali ya eksirei kama ile ya hospitali. Tatizo ni kwamba anga la dunia huzuia miali hiyo isifike chini. Atakaye kuiona lazima apande juu ya hewa.

Hapa historia yaturudisha Afrika ya Mashariki. Waitalia, wakiongozwa na profesa Luigi Broglio, walikuwa wamesimamisha jukwaa la chuma liitwalo San Marco baharini karibu na Malindi, katika Kenya, na mwaka 1967 wakarusha kutoka hapo setilaiti yao. Mahali hapo palichaguliwa kwa akili. Roketi irushwayo karibu na ikweta yasaidiwa na mzunguko wa dunia wenyewe. Na setilaiti izungukayo juu ya ikweta huepuka sehemu za anga zenye chembe nyingi ziharibuzo vipimo.

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Wamarekani iliruka kutoka jukwaa hilo ikibeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi moja tu: kutafuta eksirei za mbinguni. Siku hiyo Kenya ilikuwa yaadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake. Bibi Marjorie Townsend, aliyesimamia kazi hiyo, akapendekeza setilaiti iitwe Uhuru. Jina likakubaliwa, na tangu siku hiyo neno la lugha yetu limo katika vitabu vya elimu ya nyota.

Uhuru ilifanya kazi hata mwaka 1973, ikizunguka taratibu na kupiga mbingu deki, kama mtu afagiaye kiwanja bila kuacha kona. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Iliona kitu kiitwacho Centaurus X-3 kikipiga kila sekunde 4.8, tena kikimzunguka mwenzake kwa siku mbili na kidogo. Kikajulikana kuwa nyota ya nyutroni, yaani mabaki ya nyota iliyokufa, yenye uzito kama wa jua uliobanwa katika upana wa kilomita 20 au 30 tu. Iliona pia kwamba Cygnus X-1, chanzo kilichokuwa kimejulikana tangu mwaka 1964, chabadilika haraka sana. Wenye darubini wakakifuata, wakaona nyota kubwa ikizunguka mwenzake asiyeonekana kila siku 5.6. Cygnus X-1 ndicho kitu cha kwanza ambacho wataalamu wengi walikubali kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza elimu hiyo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa nini nasimulia haya katika habari za mawimbi ya uvutano? Kwa sababu Einstein alikuwa ametoa hesabu za mawimbi, lakini hakuwa na nyota za kuyatoa. Nyota za kawaida ni pana. Haziwezi kukaribiana sana bila kugusana. Uhuru iliwafundisha watu kwamba mbingu ina vitu vilivyobanwa, vizito, viishivyo wawili wawili na kuzungukana upesi. Hao ndio wapiga ngoma wa mawimbi.

MAWIMBI MAFUPI YASIKIKA

Mwaka 1974 Russell Hulse na Joseph Taylor, kwa darubini kubwa ya Arecibo huko Puerto Rico, walipata nyota mbili za nyutroni zizungukanazo kila saa 7 na dakika 45. Wakazitazama miaka mingi. Njia yao yapungua: kila mwaka zakaribiana kwa mita tatu na nusu hivi, sawasawa na hesabu ya Einstein kwa nyota zipotezazo nguvu kwa mawimbi ya uvutano. Mawimbi yenyewe hayakuonekana, ila hasara yake. Wakapewa Nobel mwaka 1993.

Hata tarehe 14 Septemba 2015, mitambo miwili katika Marekani, kila mmoja wenye mikono ya kilomita nne na nuru ya leza ndani yake, ikatetemeka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mashimo mawili meusi, moja zito kama majua 36 na jingine kama majua 29, yalikuwa yameungana mbali sana, hata mawimbi yake yalisafiri miaka kama bilioni moja na milioni mia tatu kufika kwetu. Mikono ile ya kilomita nne ilibadilika urefu kwa kiasi kidogo sana kuliko upana wa protoni. Ndivyo Einstein alivyothibitishwa miaka karibu 100 baada ya kuandika.

Lakini hayo yalikuwa viwimbi vya kasia. Mitambo ya chini haiwezi kusikia mwendo wa polepole, na sisi wa Tanganyika twajua sababu. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitikisa ziwa na kubomoa nyumba Kalemie. Hilo lilikuwa kubwa, na kila mtu alilisikia. Hata siku za kimya ardhi haitulii kamwe: bahari hupiga pwani, upepo husukuma milima, magari moshi hupita. Mtambo uliosimama juu ya ardhi itetemekayo hauwezi kupima mtetemo wa polepole wa nafasi yenyewe. Tena, mawimbi marefu yahitaji kipimo kirefu, na dunia yote ni fupi mno kwa kazi hiyo.

SAA ZILIZOTAWANYIKA MBINGUNI

Ndipo watu wakarudia njia ya mti uliosimikwa majini. Mwaka 1967 mwanafunzi Jocelyn Bell, huko Cambridge, aligundua nyota zitoazo mapigo ya redio kwa kawaida isiyobadilika. Ni nyota za nyutroni zizungukazo, nazo huitwa pulsa. Mwaka 1982 zikapatikana zile zizungukazo mamia ya mara kwa sekunde moja, na mapigo yao hushindana na saa bora za wanadamu.

Basi chukueni pulsa kumi, ishirini, sitini, zilizotawanyika pande zote za mbingu, mbali na sisi maelfu ya miaka ya nuru. Andikeni saa ya kufika kwa mapigo yao, juma baada ya juma, mwaka baada ya mwaka. Wimbi refu la uvutano likipita, mapigo ya upande mmoja yatafika mapema kidogo, ya upande mwingine yatachelewa kidogo. Tofauti yenyewe ni kadiri ya sehemu moja kati ya milioni kumi ya sekunde.

Mtu atauliza: twajuaje kwamba si pulsa yenyewe iliyokosa? Swali ni zuri, na jibu latoka mtoni. Mti mmoja ukionyesha maji yamepanda, huenda mti umezama katika matope. Lakini miti ya Bukama, Ankoro, Kabalo na Kongolo ikionyesha mwendo mmoja kwa mpango unaoeleweka, basi mto ndio uliopanda. Mwaka 1983 Ronald Hellings na George Downs walitoa hesabu ya mpango huo kwa mbingu: jinsi kuchelewa kwa pulsa mbili kupasavyo kufanana au kupingana, kwa kadiri ya pembe iliyo kati yao.

Mwishoni mwa mwezi wa Juni 2023 makundi manne yalitangaza kwa pamoja kwamba yauona mpango huo ukijitokeza: Wamarekani wa kaskazini kwa vipimo vya miaka 15, Waeuropa pamoja na Wahindi kwa vipimo vya miaka karibu 25, Waaustralia kwa miaka 18, na Wachina. Mwezi wa Desemba 2024 likafuata kundi litumialo MeerKAT, darubini ya redio yenye masahani 64 katika jangwa la Karoo, Afrika Kusini. Lilipima pulsa 83 kwa muda wa miaka minne na nusu tu, nalo likaona dalili za mawimbi hayo. Wataalamu wenyewe ni waangalifu: wasema ni ushahidi wenye nguvu, lakini wataka miaka zaidi kabla ya kufunga shauri.

Mawimbi haya yatoka wapi? Nyota zimekusanyika katika makundi makubwa yaitwayo galaksi, na yetu ndiyo ule mkanda mweupe tuuonao usiku wa kiangazi. Katikati yake mna shimo jeusi zito kama majua milioni nne. Galaksi nyingine zina mashimo ya mabilioni ya majua. Galaksi mbili zikigongana na kuungana, mashimo yao hushuka katikati na kuanza kuzungukana. Mzunguko mmoja waweza kuchukua miaka. Jozi za namna hiyo ni nyingi mbinguni, na mitetemo yao yote kwa pamoja yaingiliana kama kelele za soko zisikikazo kutoka mbali: wajua watu wako, lakini hutambui sauti ya mtu mmoja. Hilo ndilo elezo lililo karibu na akili, ingawa wengine wafikiri kwamba sehemu ya mitetemo yaweza kuwa imetoka mwanzoni kabisa mwa ulimwengu.

Kati ya mawimbi ya kasia na mawimbi ya miaka, yapo ya katikati, ya dakika na ya saa. Hayo yatolewa na nyota ndogo nzee zizungukanazo upesi katika galaksi yetu, na pia na mashimo makubwa katika siku zao za mwisho kabla ya kuungana. Kwa hayo watu wa Ulaya wakubali mwezi wa Januari 2024 kutengeneza mtambo uitwao LISA: vyombo vitatu vitakavyolizunguka jua, kila kimoja mbali na mwenzake kilomita milioni 2.5, zaidi ya mara sita ya njia ya kwenda mwezini. Wakusudia kuvirusha mwaka 2035. Jaribio la kwanza, lililorushwa Desemba 2015, lilionyesha kwamba vipande viwili vya dhahabu na platini vyaweza kuelea ndani ya chombo bila kuguswa na kitu ila uvutano.

YATUFAA NINI?

Najua kuna msomaji atakayesema: Mwalimu, shule yangu haina madirisha, nawe waniletea mashimo meusi? Neno lake ni la haki. Mawimbi haya hayatapunguza bei ya mihogo Kabalo. Lakini mwaka 1919 nani alijua faida ya nuru kupinda? Leo simu ya mfanya biashara wa sokoni yamwonyesha mahali alipo kwa msaada wa setilaiti, na saa za setilaiti hizo zisingesahihishwa kwa hesabu za Einstein, zingekosa kilomita kadhaa kila siku. Elimu iliyoonekana ya bure imeingia mfukoni mwake.

Zaidi ya hayo, tazameni sehemu yetu katika historia hii. Mwaka 1919 nchi yetu ilipitiwa na kivuli. Mwaka 1970 pwani ya Waswahili ilitoa mahali, na lugha yetu ikatoa jina. Majina ya watu waliopima yalikuwa ya nchi nyingine. Sasa mlango umefunguka kidogo. Afrika Kusini yajenga darubini kubwa zaidi ya redio, iitwayo SKA, na nchi nane za Afrika zimeungana nayo: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia. Zambia ni jirani yetu. Ziwa Tanganyika latuunganisha. Jina la Kongo halimo katika orodha hiyo, ingawa hakuna sheria ya asili ilizuialo kuingia.

Kijana wa Kabalo hatapata darubini ya masahani 64 kesho. Lakini kazi ya mawimbi marefu haikuanza kwa fedha. Ilianza kwa daftari. Ina desturi tatu: kupima kitu kile kile kwa namna ile ile, kuandika tarehe, na kumwachia mwingine daftari uondokapo. Wengi walioanza kuandika mapigo ya pulsa walikwisha kustaafu kabla dalili haijaonekana, wengine wamekufa. Walioipata waliipata kwa sababu daftari la kwanza halikupotea. Cameron na Stanley walipita Lukuga kama wageni, kila mmoja na jibu lake. Sisi tunakaa hapa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa shule zilizo kando ya Lualaba, Luvua na Lukuga: simikeni mti majini, mwutie alama kwa sentimita, na wapeni wanafunzi wa darasa la sita kazi ya kuusoma kila Jumatatu asubuhi. Waandike pia mvua, na matetemeko ya ardhi wayasikiapo, pamoja na saa. Daftari liwekwe ofisini mwa mkuu wa shule, lipewe mkuu mpya kwa mkono wakati wa kupokezana, pamoja na funguo. Baada ya mwaka mmoja wataijua tabia ya mto wao. Baada ya miaka 15, miaka ile ile iliyohitajiwa na Wamarekani, watakuwa na kitu ambacho mtaalamu yeyote wa mito atakuja kukiomba. Na mmoja wao akifika siku moja mbele ya mitambo ya Karoo, hataona kazi ngeni: atakuwa amekwisha kuifanya ukingoni mwa Lualaba.